Eti zamani kansa haikuwepo? Jibu kwa dada wa Morogoro

Kuna dada yupo Morogoro kaniandikia, nafupisha swali lake: "Daktari, bibi yangu ana miaka themanini na kitu, kila akisikia mtu kafa kwa kansa anasema enzi zao haya magonjwa hayakuwepo, watu walikuwa wanakufa kwa homa, kwa uzazi au kwa kurogwa, basi. Nikaenda kutafuta takwimu za Marekani nikakuta mwaka 1900 vifo vya kansa vilikuwa 64 kwa kila watu 100,000, halafu 1940 vikafika 120. Karibu mara mbili ndani ya miaka 40! Sasa si bibi yupo sahihi, kwamba hii kansa imeletwa na maisha ya kisasa? Na serikali za wakati ule zilikuwa zinaangalia tu?"

Mdogo wangu, takwimu zako ziko sawa kabisa, hujakosea hata moja. Ila umetoa namba moja kwenye jedwali ukaacha jirani zake, na majirani ndio wanaoeleza habari yote. Rudi mwaka huohuo 1900 uangalie juu yake kuna nini: nimonia na mafua makali vifo 202 kwa kila watu 100,000, kifua kikuu 194, halafu kuhara, ambako kulikuwa kunafagia watoto. Nenda sasa 1940: nimonia na mafua imeshuka hadi 70, kifua kikuu 46. Yaani yale magonjwa yaliyokuwa yanaua watu wakiwa wadogo au vijana yamerudi nyuma, maji yamekuwa safi zaidi, maziwa yanachemshwa, nyumba zina nafasi, na wale ambao wangekufa wakiwa na miaka miwili au ishirini na tano wamefika sitini na sabini. Na kansa nyingi ni ugonjwa wa umri, seli inahitaji miaka mingi ya kuharibika kidogo kidogo. Mtoto aliyekufa kwa kuhara hawezi kuja kufa kwa kansa ya tumbo la chakula akiwa na sitini na tano, hakufika huko. Marekani mwaka 1900 watu wa miaka 65 na kuendelea walikuwa kama 4 katika kila 100, 1940 wamekaribia 7. Hiyo peke yake inapandisha vifo vya kansa hata kama hakuna kitu kingine kilichobadilika.

Alafu kuna hili la nani alikuwa anaandika. Mwaka 1900 Marekani haikuwa na daftari la vifo la nchi nzima, ilikuwa majimbo 10, mji wa Washington na miji mingine kadhaa, ndo hao tu waliohesabika. Majimbo yote yalikuja kukamilika 1933. Kwahiyo ukilinganisha 1900 na 1940 unalinganisha kipande cha nchi na nchi nzima. Na kile kilichoandikwa kwenye cheti cha kifo kilitegemea daktari aliona nini na familia ilikubali nini. Mtu amekonda miezi sita, tumbo limejaa maji, amekufa nyumbani bila eksirei bila upasuaji, daktari anaandika "uzee" au "kudhoofika" anaondoka. Mimi kazi yangu miaka mingi ni hizi takwimu za vifo na nakwambia hakuna kitu kinaniumiza kama hilo neno uzee, kwa sababu uzee siyo sababu ya kifo, ni mahali ambapo mtu ameacha kuuliza.

Hapa kuna kazi moja ya zamani naipenda sana, naomba uivumilie. Mwaka 1893 Uingereza, George King ambaye alikuwa mtu wa hesabu za bima na Arthur Newsholme daktari wa afya ya jamii, waliuliza swali lako hilihili, je kansa inaongezeka kweli? Wakachukua takwimu za mji wa Frankfurt, Ujerumani, kwa sababu kule walikuwa wanaandika kansa imeanzia kiungo gani. Wakazigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza kansa unazoweza kuziona au kuzishika: ziwa, ulimi, kizazi. Fungu la pili zile zilizojificha ndani: tumbo la chakula, ini, utumbo. Fikiria mwenyewe, kama kansa inaongezeka kweli mwilini mwa watu basi mafungu yote mawili yangepanda. Walichokuta ni kwamba zile za kuonekana hazikupanda kwa maana yoyote, zilizopanda ni zile za ndani, yaani zile ambazo daktari wa zamani hakuweza kuzijua na daktari mpya ameanza kuzijua. Wakasema sehemu kubwa ya ongezeko ni la macho, siyo la ugonjwa. Kwa karatasi na kalamu tu, bila kompyuta. Hadi leo nikifundisha vijana naanzia hapo.

Wapo waliopinga, na mkubwa wao alikuwa Frederick Hoffman, mtakwimu wa kampuni ya bima ya maisha ya Prudential kule New Jersey. Mwaka 1913 alisoma mada mbele ya madaktari wa magonjwa ya wanawake akasema kansa ni tishio na inapanda kweli, 1915 akatoa kitabu kinene cha vifo vya kansa dunia nzima. Huyu namheshimu kwa kukusanya namba, lakini lazima niseme ukweli wake wote. Huyu huyu ndiye aliyeandika 1896 kitabu cha kibaguzi kabisa kuhusu Wamarekani weusi, na kwenye kansa alikuwa upande wa wale walioamini kwamba ni ugonjwa wa "ustaarabu" na kwamba watu waliowaita wa asili, yaani sisi, karibu hawaugui. Madaktari wengi wa kikoloni nao waliandika hivyo hivyo, wakikaa miezi kadhaa mahali, wasione uvimbe, wanahitimisha Waafrika hawana kansa. Wakati watu wenyewe hawaji hospitali ya mzungu, anayekuja ni kijana wa kibarua, na anayekufa nyumbani haandikwi popote.

Unaona sasa bibi yako na wale madaktari wa kikoloni wanasema neno moja, ingawa bibi analisema kwa nia njema kabisa. Na jibu lipo hapa hapa kwetu. Hospitali ya Mengo, Kampala, ilianzishwa na Albert Cook 1897 na wale jamaa walitunza rekodi za wagonjwa vizuri mno, kiasi kwamba miaka ya baadaye madaktari wa Kampala walikaa na yale makaratasi wakachambua kansa kuanzia 1897 mpaka 1956 na kuchapisha mwaka 1964. Kwahiyo kansa ilikuwepo, inaandikwa kwa kalamu ya wino, wakati ambao vitabu vya Ulaya vinasema haipo. Na bibi yako akiwa msichana, 1958, daktari Denis Burkitt aliandika kutoka Uganda kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto ambao leo dunia nzima unaitwa kwa jina lake. Watoto hao hawakuwa na maisha ya kisasa yoyote. Hata neno lenyewe saratani ni la zamani, kwa Kiarabu ni kaa, yule kaa wa baharini, kama Wagiriki walivyoita, kwa sababu ya mishipa inavyotawanyika kutoka kwenye uvimbe kama miguu yake. Ugonjwa usiokuwepo haupewi jina na watu wa kale.

Ila bibi ana kipande chake cha ukweli na sitaki kumnyang'anya. Kuna kansa ambazo ziliongezeka kweli kweli, na ya mapafu ndo mfano mkubwa. Mwaka 1919, St. Louis, mwanafunzi wa udaktari anaitwa Alton Ochsner yeye na wenzake waliitwa kwenda kushuhudia maiti ya mtu aliyekufa kwa kansa ya mapafu ikipasuliwa, mwalimu wao akawaambia waangalie vizuri maana huenda wasione nyingine maisha yao yote. Ilikuwa adimu kiasi hicho. Hakuona nyingine mpaka 1936, akiwa New Orleans, hapo akaona tisa ndani ya miezi sita, wote wanaume, wote wavutaji sigara walioanza kuvuta wakati wa vita ya kwanza. Sigara za mashine zilikuwa zimeshakuwa rahisi na askari walikuwa wakigawiwa, ukahesabu miaka 20 mbele unafika palepale. Hapo hakuna cha macho wala vyeti, ni ugonjwa mpya umetengenezwa kiwandani. Kwahiyo mtu akikuuliza kansa imeongezeka au haijaongezeka, muulize ipi. Tumbo la chakula miaka ileile lilikuwa muuaji mkubwa Marekani na baadaye likaja kushuka lenyewe, watu wakala chakula freshi zaidi na chenye chumvi kidogo kwa sababu ya majokofu.

Sasa swali lako la pili, walifanya nini. Ili uelewe lazima ujue kwanza walikuwa wanatoka wapi, maana kansa ilikuwa haitamkwi. Rais wa Marekani Grover Cleveland alikutwa na uvimbe kwenye paa la mdomo 1893. Nchi iko kwenye mtikisiko wa fedha, wakaogopa habari ikitoka masoko yataanguka, basi tarehe 1 Julai wakamfanyia oparesheni ndani ya boti ya kifahari inaitwa Oneida, ikiwa inatembea majini, wakamtoa sehemu kubwa ya taya la juu la kushoto kupitia mdomoni ili usoni pasionekane kovu, wakamwekea kipande cha mpira pale palipokatwa aweze kuongea. Umma ukaambiwa ni meno. Mwandishi mmoja wa gazeti aliandika ukweli mwezi uliofuata akaitwa mwongo. Ukweli ulikuja kutolewa 1917 na daktari Keen, mmoja wa waliokuwemo botini, Cleveland mwenyewe kashafariki tangu 1908. Kama rais anafichwa, mke wa mkulima atasema?

Hili la kuficha sijalisoma vitabuni tu. Shangazi yangu alikuwa anafunga khanga mbili kifuani, tukadhani ni baridi, ni mama ndiye aliyemgusa bahati mbaya wakiwa wanapakua chakula msibani akashtuka kwa namna alivyoruka. Kumbe uvimbe una miezi nane, umeshapasuka, ameweka majani na pamba, na harufu anaifukuza kwa udi. Alikuwa anajua. Alichokuwa anaogopa siyo kufa, alikuwa anaogopa kuitwa mtu wa ugonjwa ule. Kwahiyo nikisoma za 1900 huwa sioni ni mbali.

Wa kwanza kulivunja hilo kwa mpango alikuwa Georg Winter, daktari wa wanawake kule Königsberg, Prussia ya Mashariki, Ujerumani ya wakati huo. Alichoka kuona wanawake wenye kansa ya kizazi wanafika wakiwa hawawezi tena kukatwa. Akakaa akawauliza mmoja mmoja umechelewa wapi, akagundua wengine wamechelewa wenyewe, wengine wamecheleweshwa na daktari aliyewapa dawa bila kuwapima, wengine na mkunga. Kuanzia 1902 akawaandikia madaktari wote wa eneo, akawaandikia wakunga, alafu akaandika magazetini moja kwa moja kwa wanawake: ukitokwa damu bila mpangilio, ukitokwa damu baada ya kukoma hedhi, njoo. Idadi ya waliofika wakiwa bado wanaweza kufanyiwa oparesheni ikapanda. Hakuna dawa mpya hapo, ni barua na gazeti.

Wamarekani wakaiga. Mei 1913 watu 15, madaktari na wafanyabiashara, walikutana New York wakaanzisha chama cha kudhibiti kansa, ndicho leo kinaitwa American Cancer Society, wakati huo kansa inaua kama watu 75,000 kwa mwaka nchini kwao. Hoffman alikuwemo. Mwezi huohuo jarida la akina mama, Ladies' Home Journal, likatoa makala ya Samuel Hopkins Adams, neno kansa likaingia jikoni kwa mara ya kwanza likiwa na maelekezo. Baadaye wakaja na wiki ya kansa, vipeperushi, mihadhara kwenye vyama vya wanawake, na 1936 jeshi la wanawake wa kujitolea waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba, na ndani ya miaka michache idadi ya wanaojishughulisha ikatoka kama 15,000 kufika kama 150,000. Waingereza wao walisita, waliogopa kwamba ukizungumza sana watu watapata hofu ya kansa kuliko kansa yenyewe, fedha zao wakapeleka zaidi kwenye maabara, mfuko wa utafiti walikuwa nao tangu 1902. Mimi naona walikosea, hofu ilikuwepo tayari, kilichokosekana ni mahali pa kuipeleka.

Na hofu isipopata hospitali inapata tapeli. Marekani walipitisha sheria ya chakula na dawa 1906, watu wakashangilia, alafu kuna jamaa Kansas City anaitwa Johnson alikuwa anauza dawa eti inatibu kansa. Serikali ikamshtaki, kesi ikafika mahakama kuu kabisa, na 1911 mahakama ikasema sheria inakataza kudanganya kilichomo kwenye chupa, haikatazi kudanganya kwamba inaponya. Akashinda! Bunge likarekebisha mwaka uliofuata, lakini kwa kudai ithibitishwe kwamba muuzaji alikusudia kudanganya, na nia ya mtu utaithibitisha vipi. Uingereza ilichukua mpaka 1939 kutunga sheria ya kansa ambayo imepiga marufuku kutangaza kwa umma tiba ya kansa, na ilizibana serikali za mitaa zipange matibabu. Kila nikitumiwa zile meseji za juisi ya majani fulani inayomaliza kansa kwa siku 21 naikumbuka hiyo sheria.

Matibabu ya kweli yalikuwa mawili tu, kisu na mionzi. Kisu cha Halsted, daktari wa upasuaji wa Baltimore, kiliondoa ziwa, misuli ya kifua na tezi za kwapa kwa pamoja, wanawake walipona wengine lakini mkono unavimba maisha yote, na ilichukua miongo mingi watu kukubali kwamba kukata zaidi siyo kuponya zaidi. Mionzi ilikuja na eksirei, 1895, kisha radiamu, elementi inayotoa mionzi, waliyoigundua akina Curie, 1898, na bei ya radiamu ilikuwa ya kutisha: 1921 wanawake wa Marekani walichanga kama dola 100,000 kumnunulia Marie Curie gramu moja. Gramu moja! Kisha bei ikashuka kuanzia 1922, na unajua kwa nini? Shinkolobwe, Katanga. Mgodi wa urani wa Kongo ulikuwa tajiri kuliko yote, madini yakasafirishwa kwenda Olen, Ubelgiji, yakatolewa radiamu iliyoenda kutibu wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Wachimbaji weusi wa Katanga, nchi ambayo Kiswahili kilikuja kuwa ndiyo lugha ya kazi migodini, ndio walioyatoa ardhini madini hayo. Na tangu 1879 Wajerumani walishaandika kwamba wachimbaji wa Schneeberg wanakufa kwa uvimbe wa mapafu, kwa hiyo hatari ya kuvuta vumbi la miamba ile haikuwa siri ya mbinguni. Hii sehemu ya historia ya kansa huwa hawaisimulii na mimi sitaacha kuisimulia.

Serikali zenyewe zilichelewa. Jimbo la Massachusetts ndilo lilijitokeza mapema, 1926 likatunga mpango wake na mwaka uliofuata likafungua hospitali ya kansa ya jimbo, Pondville. Taifa zima la Marekani lilisubiri mpaka Agosti 1937 Rais Roosevelt aliposaini sheria ya kuunda taasisi ya kansa, dola 700,000 kwa mwaka. Uingereza wizara ya afya ilifanya kitu kimoja kidogo chenye thamani kubwa, ilimpa kazi daktari Janet Lane-Claypon. Mwaka 1926 alitoa ripoti, amechukua wanawake 500 wenye kansa ya ziwa na 500 wasio nayo, akawauliza wote maswali yaleyale: umeolewa lini, umezaa wangapi, umenyonyesha vipi. Akakuta wenye kansa wamechelewa kuolewa, wamezaa wachache, wamenyonyesha pungufu. Utafiti wa namna ile, wa kulinganisha mgonjwa na asiye mgonjwa kwa mpangilio, yeye ndo aliuweka sawa, na ndio mtindo uliokuja kuikamata sigara 1950. Hapo nisamehe nimefurahi, maana jina lake halijulikani wakati kila siku tunatumia alichokifanya.

Usidhani nasifia tu. Ile kauli yao ya "njoo mapema" ilikuwa na ubaya wake, ilibebesha mzigo mwanamke. Akifa wanasema alichelewa. Wakati Winter mwenyewe alishaona kwamba sehemu ya ucheleweshaji iko mikononi mwetu sisi wenye koti jeupe na kwamba kuna wanawake waliokuja mapema wakarudishwa na vidonge. Na kampeni za Marekani zilimlenga mwanamke mzungu mwenye uwezo, kwa imani ileile ya Hoffman kwamba mweusi haugui, kwa hiyo mweusi akaja kuchelewa kwa sababu hakuna aliyemwita.

Turudi kwa bibi. Usiende kubishana naye, bibi ni daftari la vifo ambalo halijafunguliwa. Siku ukienda mpelekee sukari, kaa naye, muulize wanawake wa ukoo wake walikufa kwa nini. Atakwambia mmoja alirogwa, mwingine alikufa kwa uzazi. Sasa uliza taratibu: yule aliyekufa kwa "uzazi" alikuwa na mtoto mchanga au alikuwa ameshakoma kuzaa na damu ikawa haikatiki? Yule aliyerogwa, uvimbe ulikuwa wapi, alikonda muda gani? Kuna aliyekuwa na jipu la ziwa lisilopona? Alikuwa na umri gani? Ukipata wawili wenye ziwa upande wa mama yako, na hasa kama walikuwa chini ya miaka hamsini, andika majina yao na umri, alafu niandikie tena, maana hapo swali linakuwa siyo la Marekani ya 1900 tena, linakuwa la mama yako na lako, na nitakueleza ukapimwe nini na uanze lini.